Balansa Kwenye Oveni

Grrr. Kimya. Grrr. Twyla Sizemore aliisikia sauti hiyo kabla hajafumbua macho, na alipoyafumbua giza lilikuwa lile lile. Ilitoka jikoni. Chuma kilikuwa kikibiringishwa juu ya meza ya mbao, kikienda na kurudi, kama mtu anayesukuma donge la unga ambalo halipo. Akapapasa upande wa mumewe. Shuka lilikuwa baridi.

Garland alikuwa amekaa gizani na koti lake la mgodini, kiganja juu ya bolti ya injini nene kama kidole gumba.

"Hujalala," Twyla alisema.

"Nimelala. Nimelala nimekaa."

"Washa taa basi."

"Ya nini? Ninachokitafuta hakimo humu."

Twyla aliiwasha mwenyewe. Juu ya meza, kando ya bakuli la sukari, balansa mpya ilikuwa ndani ya boksi lililo wazi: pete mbili pana za chuma, moja ndani ya nyingine, na mpira mweusi katikati. Kazi yake ni kumeza mtetemeko wa injini. Ile ya zamani mpira wake ulikuwa umezeeka, pete ya nje ikaanza kuyumba kama sahani inayotaka kuanguka, mwishowe ikautema mkanda barabarani. Tangu hapo gari lao la pekee lilikuwa uani, limeinuliwa juu ya magogo, gurudumu la mbele limevuliwa, na miguu ya Garland ikichungulia chini yake.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatatu, jua likichomoza, Twyla alitakiwa awe mjini, maili ishirini na kitu kutoka bonde hili la Lick Fork, amevaa sare, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa amesoma darasa la jioni majira mawili ya baridi kukipata cheti cha kazi hiyo. Basi la abiria halijapata kufika Lick Fork, wala hakuna jirani anayekwenda mjini saa hiyo. Msimamizi wa pale, mwanamke asiyepepesa macho, alimwambia waziwazi: "Ninyi watu wa mabondeni, magari yenu huharibika kila Jumatatu. Siku ya kwanza ukichelewa, usijisumbue kuja ya pili." Twyla alikuwa ametabasamu, kwa kuwa hakujua aufanyie nini kingine uso wake.

"Si uende tena dukani?" alimwuliza mumewe.

"Dukani kifaa cha kuingizia balansa hakipo, nimeshakwambia. Wanacho kimoja cha kuazimisha, na hicho kimoja kiko kwa mtu."

"Kwa nani?"

Garland aliibiringisha bolti. Grrr.

"Kwa nani, Garland?"

"Kwa Verlin."

Verlin alikuwa mtoto wa baba mkubwa wa Garland. Utotoni walilala kitanda kimoja. Mgodi ulipopunguza watu, Verlin ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu. Garland akapunguzwa, Verlin akabaki, na habari hiyo Garland aliipata kwa mwuza petroli. Hawakuzungumza tena. Wakikutana kanisani, kila mmoja aliisoma sana Biblia yake.

"Itaingia bila kifaa," Garland alisema. "Baba yangu hakuazima vifaa, na magari yake yalitembea."

"Karatasi ya ndani ya boksi inasema usipige nyundo."

"Wanaandika hivyo wauze vifaa."

"Si umesema wanaviazimisha bure?"

Garland alimtazama. "Umesoma darasa la jioni, sasa huambiliki."

*

Twyla aliacha skonzi zikiiva, akaenda kumvalisha Josie, binti yao wa miaka mitano. Aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni. Haikuwa ya unga.

"Garland, nini kimo kwenye oveni?"

"Usifungue! Joto litatoka."

Alifungua. Skonzi zilikuwa rafu ya juu, zimeumuka vizuri, zimepata rangi. Rafu ya chini, juu ya sinia lake la keki, ilikaa balansa.

"Chuma kikipata joto kinatanuka," Garland alieleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujiridhisha. "Kikitanuka kinaingia chenyewe. Kila mtu anafanya."

"Na mpira?"

"Mpira nao unapata joto kidogo, basi."

"Skonzi zangu zinanuka tairi."

Josie alichukua moja, akainusa, akaila. "Zinanuka gari la bibi," alisema, akaomba nyingine.

Wakati ulipofika Garland alitoka mbio, balansa mikononi, ameishika kwa vile vishikio vya jikoni vya kitambaa cha maua alivyoshona mama mkwe wake. Akavuka nyasi zenye umande, akajitupa ubavu penye nafasi ya gurudumu, akalenga. Twyla alisimama juu yake na tochi. Balansa iliteleza kwenye ncha ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, kama kidole ndani ya glavu. Ikaenda, ikaenda, Garland akicheka, "Unaona? Unaona?" Katikati ya safari ikasimama.

Akaisukuma kwa kiganja. Akaisukuma kwa goti. Krenki ilikuwa baridi ya usiku kucha. Ilikwisha kunywa joto lote, na sasa vyuma viwili vilikuwa vimeng'ang'aniana. Balansa haikwenda mbele wala haikurudi nyuma.

Akaijaribu bolti. Ilishika meno mawili tu. Hapo hata Twyla, ambaye kazi yake ilikuwa kushika tochi, alielewa: bolti iliyoshika meno mawili ukiikaza itayang'oa meno ya ndani ya krenki, na ukiyang'oa hayo, injini umeizika. Wala kuivuta irudi nje hawakuweza: chombo cha kucha tatu walichoitolea ile balansa ya zamani kilikatika ukucha kwa kazi hiyo hiyo. Alfajiri walikuwa na balansa mezani na njia mbili tatu za kubahatisha. Sasa ilibaki moja, nayo ilikuwa kile kifaa.

Garland alibaki amelala, vishikio vya maua bado mikononi, akilitazama tumbo la gari lake. Wazo likampitia Twyla kwamba pengine iko sehemu ya mumewe, ndogo, isiyojijua, ambayo haikutaka gari hili liwake kesho. Akajikemea. Halafu likampitia tena.

*

"Usimwombe kitu," Garland alisema alipomwona anafunga viatu, chupa ya jamu ya tofaa kwapani.

"Nani kasema naenda kuomba? Nampelekea Corinne jamu."

"Vizuri. Usiombe."

Lick Fork watu hawaombi. Mwenye shida huenda akakaa barazani kwa mwenzake, akazungumza mvua, mbwa na wagonjwa, na mwenye kitu, kama ana adabu, hukitaja mwenyewe. Ukipewa, unakataa. Ukipewa mara ya pili, unasema, "Kama si usumbufu." Hivyo aliyetoa hakuombwa, aliyepokea hakuomba, na kila mtu hurudi kwake na uso wake. Kwa utaratibu huo milima hii ya Kentucky imejenga mabanda na kuzika wafu wake tangu zamani.

Verlin hakuwepo, alikuwa bado kanisani kwenye kikao cha mashemasi. Barazani alikuwepo Corinne, mke wake wa pili, mwanamke mpole mwenye kucha za rangi ambaye Verlin alimwoa mjini Dayton, akamleta huku mwaka jana.

"Nimewaleteeni jamu," Twyla alisema. "Si kitu, ilibaki tu."

"Jamani, asante!" Corinne aliipokea pale pale kwa mikono miwili. Twyla, aliyekuwa amejiandaa kusukumana naye kidogo, alibaki mikono hewani.

Walizungumza mvua. Walizungumza mbwa. Kwa upande wa wagonjwa, Corinne hakuwa na wa kutosha, kwa hiyo Twyla alimtolea wa kwake. Kisha akavuta pumzi.

"Garland kutwa yuko chini ya gari. Ni balansa."

"Balansa! Hicho kitu kilitumaliza na sisi juzi juzi. Verlin aliazima kifaa chake, kipo pale gereji, amekwisha maliza nacho. Mnakitaka, mpenzi?"

Moyo ulimruka Twyla. Na mdomo wake, uliolelewa na mama yake na bibi yake, ukajibu wenyewe: "Hapana, hapana, hatutaki kuwasumbua."

"Haya," Corinne alisema. "Njoo nikuonyeshe mapazia."

Twyla aliyatazama mapazia. Aliyasifu. Alisubiri. Alisema Garland hana raha. "Wanaume na magari yao!" Corinne alicheka. Alisema kesho ndiyo siku yake ya kwanza kazini. "Hongera, mpenzi!" Corinne alisema, akamkumbatia kwa nguvu. Akiwa ameshafika ngazini, Twyla alisema hajui hata atafikaje huko.

"Mungu atafungua njia," Corinne alimjibu, na alimaanisha. Kwao Dayton, hapana ni hapana, na yeye alikuwa ameiheshimu.

*

"Umekileta?" Garland aliuliza kutoka chini ya gari.

"Aliniuliza kama tunakitaka."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hatutaki kuwasumbua."

"Ndiyo. Na mara ya pili?"

"Hakukuwa na mara ya pili."

Gari likaanza kutikisika juu ya magogo, Twyla akadhani linaanguka, kabla hajatambua kwamba mumewe anacheka. Alicheka mpaka akatambaa kutoka nje, anafuta macho kwa mkono wenye grisi. Alikuwa hajacheka hivyo tangu mgodi. Kicheko kilipomwisha alikaa kidogo, kisha akanyoosha mkono akachukua nyundo.

"Garland."

"Nitaweka kipande cha mbao. Taratibu."

"Mpira utachanika. Au utavunja kitu huko ndani."

"Basi kivunjike!" Josie, aliyekuwa akicheza kwenye ngazi, aliinua kichwa. Garland akashusha sauti. "Kivunjike tujue moja. Nimechoka kulala matopeni ili mke wangu apate kwenda kunilisha."

Neno lilikuwa limetoka. Wote wawili walibaki wakiliangalia pale kwenye nyasi.

Twyla hakulia. Angelia, angebembelezwa, na kubembelezana kungekula alasiri nzima. Aliichukua nyundo mkononi mwa mumewe, akaitia kwapani, akaelekea barabarani.

"Unakwenda wapi na nyundo yangu?"

"Kuomba," alisema.

Mficha uchi hazai, alijiambia njia nzima, na hata hivyo masikio yake yaliwaka moto.

Verlin alikuwa amerudi. Amevua tai, yuko mezani, mbele yake kuku wa kukaanga. Akamwonyesha Twyla kiti. Twyla hakukaa. Mvua hakuitaja.

"Verlin, nipe kifaa cha balansa. Nakihitaji leo hii."

Uma wa Verlin ulisimama hewani. Corinne alimtazama Twyla, akamtazama mumewe, akarudi kwa Twyla. "Lakini mpenzi, si nilikuuliza ukasema..."

"Nilisema uongo wa adabu."

"Uongo wa adabu!" Corinne alishika shavu. "Verlin, hivyo ndivyo mnavyofanya? Mwaka mzima watu wa huku wananikatalia keki zangu, mimi nazirudisha ndani!"

Verlin hakumsikia. Alikuwa anaiangalia nyundo. "Na hiyo je, shemeji?"

"Hii nimemnyang'anya."

"Hm." Akaisukuma sahani. "Kazi yangu nilikwisha maliza nacho zamani. Mwenye duka akanipigia simu kwamba Garland amekiulizia. Nikakaa nacho. Nikasema, atakuja."

"Hakuja."

"Naona."

"Na wewe hukuja," Twyla alisema. "Kumwambia ile habari ya kazi. Aliisikia anatia petroli."

Verlin alianza kufunga kamba za viatu, polepole kama mtu ambaye leo zimekuwa ndefu. Twyla hakungoja jibu, alingoja kifaa.

"Kile kinataka watu wawili," Verlin alisema mwishowe. "Mmoja ashike, mmoja akaze."

*

Verlin alisimama barabarani, penye kisanduku cha barua, akaita. Garland hakuitika. Hakumfukuza pia. Twyla alipita katikati yao, akalifungua sanduku la kifaa juu ya nyasi: chuma kirefu chenye meno, beringi, na nati pana.

"Twyla," Verlin alisema, akiwa amechuchumaa hatua moja tu kutoka kwa Garland, "mwambie mumeo akipake grisi kwanza."

"Mwambie huyo mgeni wako kwamba mimi nilikuwa napaka vyuma grisi yeye hajajua kufunga viatu."

"Mwambie mimi ni mkubwa wake."

"Kwa miezi mitatu! Mwambie."

"Mimi si simu," Twyla alisema. "Semezaneni, au fungeni midomo."

Wakafunga midomo. Garland alikipaka chuma grisi, akakizungusha kwa vidole ndani ya krenki, kikaingia, kikaingia, mpaka meno yakashika kisawasawa. Akavisha beringi, akavisha nati. Verlin akakishika chuma kwa spana moja kisizunguke, Garland akaanza kuikaza nati kwa spana ya pili. Robo mzunguko. Ondoa spana, rudisha, robo nyingine. Nafasi ilikuwa ndogo mno kwa mabega mawili ya wachimba makaa, ikabidi Verlin alaze kichwa begani kwa mwenzake ili aone anachokishika.

Balansa iliguna, kama mtu anayesogezwa kitandani, ikasogea upana wa ukucha.

"Inakwenda," Verlin alisema, bila kusema kwa nani.

"Inakwenda," Garland alisema, naye vile vile.

Ikafika mahali spana ikawa nzito. Garland akashusha mikono. "Imekita."

"Bado. Ikikita sauti hubadilika."

"Nimesema imekita."

"Kaza, Garland."

Lilikuwa jina lake, na ilikuwa mara ya kwanza kulisikia kutoka mdomo ule tangu mgodi. Garland alikaza. Robo. Robo. Kisha chuma kikalia kwa sauti nyingine, fupi, kavu, kama mlango uliofika kizingitini. Wala hakuna aliyesema nilikwambia.

Kwa bolti walimhitaji Twyla. Alikaa kwenye usukani, akatia gia ya tano, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili ili krenki isizunguke. Wale wawili walivika bomba refu kwenye spana, wakaling'ang'ania pamoja, mpaka gari zima likainama upande mmoja.

"Usiachie!" walimpigia kelele kwa sauti moja.

"Siachii!"

Jasho lilimwingia machoni. Hakuachia mpaka Garland alipogonga mlango na kusema, "Tayari, mama, tayari."

Mkanda ukarudishwa, kisha gurudumu. Jua lilikuwa limekwisha kuuacha uwanja Twyla alipozungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikajikusanya, ikatulia. Garland aliweka kiganja juu ya boneti kama anavyokiweka kwenye paji la Josie akiwa na homa. Akakiacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Verlin alifunga sanduku. "Nitakirudisha dukani kesho."

"Haya."

"Haya."

Hawakushikana mikono. Verlin alipofika barabarani alijipangusa grisi kwenye suruali yake ya kanisani, akasimama kidogo kuitazama ile suruali, akaenda zake.

*

Taa nyekundu za gari zilikata kona kungali na ukungu. Garland alibaki na chanuo. Alimsuka Josie mikia miwili, mmoja juu ya sikio, mwingine karibu na shingo, na Josie alipojitazama kwenye kioo hakusema kitu, kwa huruma. Wakashuka pamoja hadi barabarani kungoja basi la shule.

Basi likasimama, mlango ukafunguka. Dereva alikuwa Nadine, mama mnene aliyejua nyumba zote za bonde na mambo yaliyomo. Akaegemea usukani.

"Leo baba! Kulikoni, Garland? Twyla anaumwa?"

Nyuso za watoto zilijaa madirishani. Garland alikohoa. Alitazama viatu vyake, ambavyo bado vilikuwa vya mgodini.

"Haumwi," alisema. "Yeye... ametoka kidogo."

Josie alikwisha kupanda ngazi ya basi. Akageuka, mikia ikiwa imekaa ilivyokaa, akamtazama Nadine, akawatazama na watoto wote waliokuwa nyuma yake.

"Mama ameenda kazini," alisema.